Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Sogeeni karibu, na mwenye jibu asilitoe bado. Alifumbate mkononi mpaka nitakapoliomba, maana leo nitaliomba.

Katika mji mdogo wa Lumango, kando ya reli, palikuwa na kikundi cha maigizo, na ndani ya kikundi hicho walikuwamo watu watatu wenye vipaji visivyofanana.

Wa kwanza alikuwa Chausiku, naye alijaliwa masikio. Aliweza kukaa uani akichambua mchicha akakwambia ni nani anapita barabarani, amevaa viatu gani, na kama ameamka vizuri na mkewe. Waliokuwa na siri walizisemea mbali na nyumba yake, na bado zilimfika. Uzuri wake ni kwamba zikishamfika ziliishia hapo.

Wa pili alikuwa Masumbuko, naye alijaliwa sura. Sisemi alikuwa na sura nzuri. Alikuwa na sura nyingi. Mpe kanga, utamwamkia ukidhani ni mama mkwe wako. Siku moja alimwiga kinyozi wa stesheni, na mteja akaja akaketi mbele yake, akainamisha kichwa.

Wa tatu alikuwa Havijawa, naye alijaliwa ulimi. Nyumbani alikuwa mkimya, lakini mpandishe jukwaani, hakuna jambo litakalomkuta bila neno. Mchezaji akijikwaa akaanguka, Havijawa atalisimulia lile anguko mpaka watazamaji waamini ndivyo lilivyopangwa, na aliyeanguka naye aamini.

Aliyewaongoza alikuwa Mzee Lukombe, mtu wa miaka sitini na saba. Yeye alipenda kusema, "Mimi sina kipaji. Mimi nina ufunguo wa ukumbi."

Na hata huo ufunguo haukuwa wake kwa haki. Ukumbi ulijengwa na marehemu Kibwana Ngoda, msimamizi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mji mzima ulimjua kwa mambo matatu: aliburuta mguu wa kushoto, alikohoa kabla ya kusema, na hakuwahi kuonekana akicheka. Miaka thelathini na moja nyuma, Lukombe alimwendea kuomba mahali pa kuchezea. Kibwana akakohoa, akasema, "Chezeni, mpaka nitakaposema basi." Akafa hajasema basi, wala hajasema vinginevyo.

Urithi ukamwangukia binti yake, Sikudhani, aliyekulia mbali kwa mama yake. Watu wa Lumango hawakuwahi kumtia machoni. Aliandika barua fupi: angekuja Jumamosi kuutazama ukumbi, halafu angeamua. Kulikuwa na mfanyabiashara, Bwana Magoha, aliyeutaka uwe ghala la mahindi. Lukombe akaijibu ile barua haraka. Akaandika kwamba marehemu aliwapa ukumbi milele. Neno "milele" lilitoka kalamuni kabla hajalifikiria, na alipolifikiria, bahasha ilikwisha panda treni.

Tangu hapo hakulala vizuri. Ukumbi ukiondoka, kikundi kingeondoka nao, kwa sababu hakuna nyumba nyingine Lumango yenye paa la kufunika watu mia mbili. Na chumba alichokuwa akilala yeye kilikuwa nyuma ya jukwaa lile lile.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Kikundi hiki kilikuwa na mwiko wake. Kabla ya mchezo, kila aliye nyuma ya pazia hupakwa unga wa muhogo mashavuni, na tangu hapo hana jina mpaka aunawe. Ataitwa kwa jina la mchezoni tu. Mwiko ulianza mwaka ambao mchezaji mmoja, akiwa amekufa jukwaani na anaombolezwa, alifumbua jicho moja akamwuliza mkewe aliyekaa mstari wa mbele kama ameshaepua maharage. Ndipo ikakatwa shauri kwamba anayejitaja jina lake akiwa na unga usoni atafagia ukumbi wiki nzima.

Mchezo wa Jumamosi hiyo ulikuwa wa kuchekesha. Shangazi anatoka mbali kuja kuihukumu posa ya mtoto wa kaka yake. Nyumbani kwa binti anayeposwa hakuna anayemjua kwa sura, basi wanamdhania mpishi wa kukodiwa. Wanamtuma kuni, wanamtuma maji, wanasema siri zao zote mbele yake. Mwisho binti anamwuliza, "Mama mpishi, kwani wewe ni nani?" Naye anajitaja, na kila mtu anatafuta pa kujificha. Masumbuko alikuwa baba wa nyumba, Havijawa ndiye binti, na Chausiku alikuwa jirani anayejibanza nyuma ya mkeka akisikiliza ya wenzake, kisha anakuja mbele kuwaambia watazamaji aliyoyasikia.

Siku mbili kabla, mwanamke aliyezoea kuwa shangazi akavimba taya kwa jino. Lukombe akaomba msaada kwa kikundi rafiki cha mji wa tatu kufuata reli, nao wakamwahidi watamtuma mchezaji wao anayeitwa Mwanne. Huyo naye Lukombe hakumjua.

Kwa hiyo, Jumamosi mchana, mzee huyu alikuwa akiwasubiri wanawake wawili asiowajua, wanaokuja kwa treni moja.

Wa kwanza alikuja kwa mlango wa mbele. Alikuwa na mwavuli wa maua na miwani myeusi, na mkoba wake ulitosha kubebea mtoto. "Nimekuja kwa ajili ya mchezo," akasema. Lukombe aliinama mpaka mgongo ukalia. Akamketisha kwenye kiti chenye mto, akamletea soda na paja la kuku. "Ama huku mnajua kutunza wageni," akasema yule mwanamke. Huyo ndiye alikuwa Mwanne mchezaji. Akala kwa adabu, akisubiri kuitwa kazini.

Wa pili aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge cha kawaida, ndala zake zina vumbi la stesheni. "Namtafuta Mzee Lukombe," akasema.

"Umeshampata, na umechelewa," akajibu Lukombe. "Kaa hapo. Mpakeni unga."

"Samahani, mimi naitwa Siku..."

Havijawa akamwahi kwa kiganja chenye unga. "Mama, usijiponze. Ukumbi huu ni mrefu, na ufagio wetu umebaki mti."

"Lakini mimi sikuja ku..."

"Umekuja, si wewe huyu hapa? Wewe ni Shangazi. Huna cha kukariri. Utaingia, utatumwatumwa, utanyamaza. Mwisho ukiulizwa wewe ni nani, jibu."

"Nikiulizwa mimi ni nani, nijibu," akarudia yule mama polepole.

"Umeshaweza. Wengine hilo huwachukua mwezi."

Mama yule akatazama huku na huku, kisha akanyamaza. Pengine alichoka na safari. Pengine alitaka kuwaona watu hawa walivyo wakati hawajui nani anawatazama. Lukombe alikuja kuwaza sana baadaye juu ya ukimya ule, na hakupata pa kuulaumu.

Muda mfupi kabla ya mchezo, mzee alichungulia pazia, akarudi amekauka midomo. Akaketi karibu na mgeni wake.

"Umemwona yule bibi wa kitini?"

"Nimemwona."

"Ndiye mwenye ukumbi. Binti wa marehemu. Nakuomba leo tusimkere."

"Mbona unamwogopa hivyo, mzee?"

Lukombe hakuwa mtu wa kumwaga mambo yake. Lakini kuna nafuu ya ajabu katika kumwambia mgeni, mtu atakayepanda treni kesho aondoke na mzigo wako bila kujua ameubeba. Akamwambia. Akamwambia habari ya barua, na neno lililoponyoka.

"Sasa amekaa pale anatabasamu," akasema, "na kila akitabasamu nahisi ananisomea barua yangu."

"Marehemu alisemaje hasa?"

"Mpaka nitakaposema basi."

"Na wewe ukaandika milele."

"Nikaandika milele."

Yule mama hakusema kitu tena. Lukombe aliuchukua ukimya huo kuwa huruma, akainuka amepumua kidogo, akaenda kufungua pazia.

Mchezo ukaanza, na watu wakakubaliana kwamba hawajawahi kuona shangazi kama yule. Alipotumwa kuni, alizitupa chini kwa ghadhabu ambayo hakuna mchezaji angeweza kuifundishwa. Alipoambiwa mchuzi wake hauna chumvi, alimtazama Masumbuko jicho moja tu, na safu nzima ya nyuma ikaangua kicheko. "Huyu wamemtoa wapi?" watu wakaulizana. Lukombe, pembeni ya jukwaa, alikuwa akimtazama mwanamke wa kitini tu. Yule alicheka mahali panapostahili, akapiga makofi, akafuta mikono.

Ikafika zamu ya Chausiku kujibanza nyuma ya mkeka. Kazi yake mchezoni ilikuwa kusikiliza, basi akasikiliza. Na masikio yake, kama mnavyoyajua, hayakujua kuchagua.

Upande wa mbele akasikia Mwanne akimnong'oneza aliyekaa naye: "Hivi mimi naingia jukwaani saa ngapi? Kuku nimeshamaliza."

Upande wa nyuma, mlangoni, akasikia sauti ya Shangazi: "Bwana Magoha? Ndiye mimi Sikudhani, uliyeongea naye kwa simu. Nimesikia ya kutosha, tena kwa kinywa cha mzee mwenyewe. Kaa na karatasi yako hapo. Nikimaliza upuuzi huu natia saini." Kisha, kwa sauti iliyoshuka: "Baba yangu, hata anakufa, aliniandikia mistari minne. 'Ukumbi ni wako. Ukienda kuutazama, pita mlango wa nyuma.' Kama mtumishi. Haya, nimepita, na utumishi nimepewa."

Na hapo ndipo vile vipaji vitatu vilipoitwa kazini, kimoja baada ya kingine.

Chausiku alikuwa na masikio, lakini alikuwa na unga usoni. Asingeweza kumwita Lukombe kwa jina, wala kumtaja Sikudhani. Kuukatiza mchezo ilikuwa ni kumfungulia mgeni mlango wa kutokea. Basi akafanya kile ambacho jirani wa mchezoni hufanya siku zote. Akatoka nyuma ya mkeka, akasimama mbele ya watu, mikono kiunoni.

"Majirani," akasema, "mimi siri huwa nazilaza. Lakini ya leo imekataa kulala. Aliyekaa kitini siye mwenye kiti. Anayetumwa kuni siye wa kutumwa. Mzee wetu, ili mwenye nyumba asijue siri yake, amekwenda kumwambia mwenye nyumba. Na mlango wa nyuma yupo mtu na kalamu, anamngoja mama mpishi."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, kwa sababu watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Jukwaani, Havijawa aliangusha upawa. Masumbuko alifunga mdomo katikati ya neno. Na Mzee Lukombe, pembeni pale, aliteremka taratibu ukutani mpaka akajikuta amekaa sakafuni. Alikumbuka kila neno alilomwambia yule mama, na kila neno lilikuwa lake.

Masumbuko alikuwa na sura, na aliijua siri moja ambayo mji haukuijua. Kila Alhamisi, siku ya mazoezi, marehemu Kibwana Ngoda alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, anapindua kreti la soda nyuma ya mkeka, anaketi. Na hapo, mtu yule asiyecheka alikuwa akicheka mpaka machozi yakamtoka, amejiziba mdomo kwa kofia. "Mtu akijua nacheka," aliwaambia siku ya kwanza, "kesho kiwandani nani atanisikiliza?" Waliitunza siri ile mpaka wakamzika nayo.

Basi Masumbuko akasema, "Nakwenda kutafuta fimbo yangu," akatoka. Akavua koti la baba wa mchezoni, akavaa kofia ya kiua na kanzu iliyopauka. Akarudi kwa mlango wa nyuma, akampita Sikudhani mwenyewe begani. Akaja akiburuta mguu wa kushoto, akakohoa. Kicheko cha watazamaji kilikatika kama kamba. Vikongwe wa mstari wa pili waliweka mikono midomoni, maana miezi minane iliyopita walikuwa wameandamana na jeneza la mtu huyo huyo. Masumbuko akapindua kreti, akaketi, akavua kofia, akaiweka mdomoni, akacheka. Yalianza mabega. Kisha ikafuata sauti nyembamba, kama kifuniko cha birika kinachochezeshwa na mvuke.

Sikudhani aliingia mpaka katikati ya jukwaa. "Nani amekupa ruhusa ya kumchezea marehemu?" akasema, na sasa haikuwa sauti ya mpishi. "Mtu huyu hakuwahi kucheka. Si kwangu, si kwa mama yangu."

Hata waliokuwa wakitafuna karanga waliacha. Masumbuko alikuwa na sura zote za dunia, lakini hakuwa na neno la kuzisemea, na pale alipofikia, neno moja baya lingekuwa tusi kwa maiti na kwa mwanawe. Lukombe alifumba macho.

Havijawa alikuwa na ulimi. Aliokota upawa wake polepole, akamsogelea.

"Mama mpishi," akasema, "kwako hakucheka. Alikukosea, na hapa hakuna atakayemtetea. Lakini kucheka alicheka. Alikaa pale pale, na kofia iko vile vile."

"Mimi aliniandikia nipite mlango wa nyuma. Kama mtumishi."

"Ulikuwa mlango wake, mama. Kila Alhamisi alipita huko. Kwa mlango wa mbele ilimbidi aingie na kikohozi chake, na mguu wake, na cheo chake. Kwa huo wa nyuma aliingia mwenyewe tu." Akauweka upawa chini. "Mimi sijui moyo wa marehemu. Ninachojua ni kwamba kuna watu hawawezi kuandika, 'Njoo uone nilipokuwa na furaha.' Wanaandika mlango."

Havijawa akageukia pembeni. "Na wewe, Babu, toka hapo ulipokaa. Una neno lililozidi. Njoo ulitoe mbele ya watu."

Lukombe hakuwa na nafasi katika mchezo ule. Lakini alikuwa na unga usoni kama wengine, akainuka. Akaenda akasimama mbele ya yule mama.

"Neno milele niliongeza mimi," akasema. "Baba yako alisema tucheze mpaka atakaposema basi. Niliogopa. Mwenye kusema basi sasa ni wewe, na ukisema nitafunga mlango mwenyewe na ufunguo nitakuletea."

Ilikuwa imesemwa. Ajabu ni kwamba, kabla hata hajajua hukumu, kifua chake kilikuwa chepesi kuliko kilivyokuwa mwezi mzima.

Havijawa akavuta pumzi, akauliza lile swali ambalo mchezo huuliza siku zote mwishoni: "Mama mpishi, kwani wewe ni nani?"

Mwanamke yule alimtazama mtu aliyekaa juu ya kreti, mwenye kofia mdomoni. Alimtazama muda mrefu.

"Mimi ni binti wa huyu," akasema.

Kwa dakika moja hakuna aliyejua kama huo ndio mchezo au la. Kisha bibi mmoja nyuma akasema, "Basi ndiyo maana amekunja uso vile," na ukumbi mzima ukalipuka. Na Lukombe, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona kitu ambacho wengi hawakukiona. Sikudhani alivuta ncha ya kitenge chake, akaiweka mdomoni. Yalianza mabega.

Pazia lilipofungwa, Mwanne aliinuka kitini na mwavuli wake, akaja nyuma. "Samahanini," akasema, "kama shangazi ameshapatikana, hili paja la pili mlilonifungia nirudishe?" Wakamwambia abaki nalo. Bwana Magoha naye aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. Kilichomuuma, alisema, ni kusimama mlangoni mchezo mzima na kuona migongo tu. Mahindi yangepata paa jingine, lakini mchezo ule asingeupata tena.

Wakanawa unga. Majina yakawarudia. Sikudhani akaomba aketi kwenye lile kreti, akaketi, akanywa chai, akasema:

"Ukumbi nitawaandikia. Lakini nisikilizeni. Nimekaa masjala ya baraza la ardhi miaka kumi na tisa, na sijaona nyumba ya majina matatu isiyozaa kesi. Wenyewe wanapendana, watoto wao wanashtakiana. Nitaandika jina moja, la yule ambaye bila yeye leo ningekuwa nimeshatia saini kwa Bwana Magoha. Huyo ndiye atakayekuwa mwenye ukumbi, na wengine watacheza kwa ruhusa yake."

"Mzee, basi," wakasema watatu wale kwa pamoja.

"Mzee ameshaandika ya kutosha," akajibu Sikudhani, na Lukombe ndiye aliyecheka wa kwanza. "Yeye atachagua. Kesho saa nane nina treni. Na tafadhali, msinipigie kura. Kura ni ya watu waliochoka kufikiri."

Jumapili asubuhi walikutana ukumbini, wanne tu.

"Mimi sisemi kitu," akaanza Masumbuko. "Ila nauliza. Nani aliyehatarisha? Wenzangu walisikia, wenzangu walisema. Mimi nilimvaa maiti mbele ya mwanawe. Angenizaba kofi, kofi lingekuwa la nani?"

"La sura ipi?" akasema Chausiku. "Unazo nyingi. Na hiyo kanzu ungeivaa kwa sababu gani, kama si mimi? Ungekuwa bado unalalamikia chumvi ya mchuzi wakati mwenzio anatia saini mlangoni. Nyinyi mlifanya kazi mkiwa mmeshajua. Mimi nilifanya kazi ya kujua, tena nikaisema bila kuvunja mwiko."

"Dada Chausiku, kusikia ni kusikia," akasema Masumbuko. "Hukutoka jasho. Masikio yako yako wazi hata ukilala."

"Na wewe hiyo sura uliinunua?"

Havijawa alikuwa akifagia, ingawa hakuna aliyemtuma. "Nyote wawili mlimwacha amesimama katikati ya jukwaa amekasirika," akasema bila kuinua kichwa. "Chausiku alimletea habari. Masumbuko alimletea hasira. Kama ningekuwa nimenyamaza wakati huo, mngekuwa leo mnagombania ghala la mahindi."

"Maneno yako yangekuwa na maana gani bila yule mtu kwenye kreti?" akauliza Masumbuko.

"Na kreti lingekuwa na maana gani bila maneno?"

Wakacheka, kwa sababu walikuwa bado na furaha ya jana. Lakini Lukombe aliona kwamba kila mmoja alicheka kidogo kuliko alivyozoea.

Akatoka kwenda kuwaza barabarani. Fundi cherehani wa karibu na stesheni alimwambia jina ni la Chausiku, kwani mwenye kuziba ufa si sawa na mwenye kuuona kwanza. Mama muuza vitumbua akasema hapana, ni la Masumbuko: habari zilikwisha kumfikia kila mtu, na wote wangesimama wakikodoleana macho kama asingevaa ile kofia. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akinunua vitumbua akasema mchezo huhukumiwa mwishoni, na mwisho ulikuwa wa Havijawa. Mwanne, aliyekuwa pale na mwavuli wake akisubiri treni ile ile, akasema kama ni haki ya kweli wangemkumbuka na yeye, maana kama asingekubali kiti kisicho chake, Sikudhani angeketi pale mbele, akala kuku, akaondoka bila kumjua baba yake. Wakamcheka. Lukombe peke yake hakucheka sana.

Alirudi chumbani kwake nyuma ya jukwaa, akaketi kitandani na karatasi ya ukumbi aliyoachiwa na Sikudhani magotini. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa masjala, isipokuwa mahali pa jina. Akaanza na Chausiku: ukimwondoa, wengine wawili hawajui kitu. Akaja kwa Masumbuko: ukimwondoa, Sikudhani hamwoni baba yake. Akaja kwa Havijawa: ukimwondoa, anamwona lakini anaondoka amechukia. Akawapanga upya, akaanzia mwisho kurudi mwanzo, na bado walisimama sawa, kama mawe matatu ya jiko. Ondoa moja, lolote lile, na chungu kiko chini.

Nje, treni ilikuwa imeingia stesheni. Sikudhani alikuwa amesimama kizingitini, kwenye mlango wa nyuma, mkoba begani, hana haraka ya kumhimiza. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mzee, na safari hii hakutaka neno limponyoke.

Nasi tumwache hapo, maana mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Fungua sasa mkono wako, wewe uliyelifumbata jibu tangu mwanzo, na mwenzako aliye kando yako afungue wake, muone kama yanafanana. Kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, na treni inangoja, ungeandika jina la nani?